Fungu la Ngoma

Sogeeni, sogeeni, niwape ya Nungu na ngoma yake!

Nungu alikuwa na ngoma, Kanga ana sauti, Komba ana kiuno. Wakaalikwa harusini kwa Nyani, wakalipwa karanga. Wakazigawa mafungu manne. Kila mmoja akachukua lake, na la nne Nungu akalivuta.

"Hili la ngoma. Ngoma si yangu?"

Kanga akaenda zake na fungu moja, na nyumbani ana vifaranga wanalia njaa.

Harusi iliyofuata, Nungu akanogewa. Akajitikisa, akarudi kinyumenyume, mwiba wake pwaa! Ngoma ikapasuka.

"Jamani, ngoma yetu!" akalia Nungu. "Tuchange ngozi, wenzangu!"

Kanga akadakia, "Yetu, eh? Hebu sema tena, Komba asikie."

"Yetu! Yetu sote!"

Basi karanga za siku ile zote zikanunua ngozi. Ikawambwa, ikalia kuliko mwanzo!

Wakaalikwa tena, wakagawa tena mafungu manne. Nungu kunyoosha mkono tu, Kanga huyo juu ya fungu la nne, mbawa wazi!

"Hili la ngoma yetu, bwana wee! Tunagawana."

"Ngoma yangu!"

"Haya, yako. Tukatie vipande vyetu vya ngozi, mimi na Komba, twende zetu."

Nungu akaitazama ngoma. Ngozi ikikatwa, atabaki na gogo lenye tundu. Akalisukuma fungu katikati mwenyewe.

Vifaranga wa Kanga wakalala wameshiba. Na Nungu mpaka leo akicheza, hulaza miiba.