Mgeni Kutoka Chini ya Bustani

Kwa amri ya jiji, kila sauti ya marehemu iliyofukuliwa chini ya bustani kuu ilitiwa kisandukuni na kupewa nyumba ya kuishi. Tunu alijiona ameokota dodo chini ya mwarobaini: alipewa Mzee Sekiondo, mtu wa enzi za Mjerumani, ambaye kutoka ndani ya kisanduku chake alisifia kila chungu kilichobandikwa jikoni na kumwita “mjukuu wangu.” Tunu akitwanga kisamvu, mzee humwimbia, “Inama, nyanyua! Inama, nyanyua!” na kazi ikaisha mikono haijachoka.

Jumapili jirani yake, Bi Mwanakombo, akaja na kisanduku chake kwapani. Ndani alikaa Mzee Likwata, mmoja wa waliolima bustani ile kwa shuruti.

“Nimemleta apate wa kupiga naye soga, mwanangu. Kwangu hasemi.”

Tunu akacheka, akashika mchi. “Haya babu, tuimbie.”

“Inama, nyanyua!” Sekiondo akaimba kwa furaha.

Kisanduku cha pili kikatetemeka. “Nainama, nyapara,” ikasema sauti nyembamba. “Nainama, usinipige.”

Mchi wa Tunu ukabaki hewani.

“Mbona umesimama, mjukuu wangu?” Sekiondo akauliza, kwa upole uleule.