Pigo Moja

Moto ulikuwa umeshavuka barabara mbele yetu, na kijia kile cha mikaratusi kilikuwa chembamba mno kugeuzia nyumba yetu ya magurudumu. Ilibaki kurudi nyuma. Lakini huwezi kurudi nyuma huku unakokota kigari, na chetu kidogo tulikuwa tumekifunga nyuma. Kitajikunja na kukubana hapo hapo. Lazima uchomoe pini ya kiungo, ukifungue kwanza.

Mke wangu Noelene alishuka na nyundo. Mimi goti langu lilishagoma.

"Pini imeng'ang'ania!" alipiga kelele kule nyuma. "Si nilikuambia, bahili wee, chuma chako cha mtumba kitatuua?"

"Gonga, mama, acha maneno!"

"Ikitoka nitapiga bodi mara moja. Ndipo urudi. Umesikia, kiziwi wangu?"

"Nimesikia!"

Moshi uliziba vioo vyote. Nilishika gia, kirungu chake kikiniunguza kiganja. Huko nyuma nyundo ililia juu ya pini, ikalia tena, ikanyamaza.

Kisha bodi ikalia. Mara moja.

Nikatia gia, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Gari liliruka kurudi nyuma, na ndani ya mngurumo ule nikamsikia Noelene.

"Bado! Nyundo imeniponyoka—"