Wiki Sita za Giza

Samaki wachanga aina ya samoni waliotiwa kwenye ndoo ya maji ya bahari, ili wajaribiwe kama wako tayari kuhamia baharini, walikuwa wakifa mmoja mmoja. Ubavuni bado walikuwa na madoa meusi ya utoto, kama alama za vidole.

"Umewawashia taa mapema," Oddveig alimwambia meneja wa shamba la samaki. "Wanahitaji wiki sita za usiku mrefu, ndipo miili yao iweze kuhimili chumvi."

"We mama, acha ngonjera zako. Meli ya kuwabeba imeshatia nanga. Pakia!"

Oddveig alimshika kisogo, akamzamisha uso ndooni, katikati ya mizoga.

"Haya, kunywa! Si ndiyo unayotaka kuwanywesha hawa wenzako?"

Akaanza kuzihesabu zile wiki kwa sauti. Alipofika nne, miguu ya meneja iliacha kupiga sakafu.

"Tano," akasema.