Kikombe Alichokikataa

Tabibu Nyamvula alikuwa hajakaa tangu asubuhi na miguu ilikuwa ikimwaka moto, Bi Mashavu alipomwingiza mumewe.

"Amenisusa," alisema. "Leo siku ya pili hapokei maji mkononi mwangu. Tuligombana."

Mume, Shebughe, alikuwa akikuna kovu la mguuni bila kukoma.

"Hilo ni la nini?"

"Niliumwa na mbwa tu, mwezi uliopita. Lilishapona."

Tabibu akashusha pumzi, akamimina maji, akampa mwenyewe. Shebughe alikipokea kikombe kwa mikono miwili, midomo imemkauka kwa kiu. Kilipokaribia kinywani, koo likamkaza akakitupa sakafuni. Tabibu akampepea usoni kwa kadi ya kliniki, taratibu. Hata upepo ule mdogo ulimkaba, na mate yakamchuruzika asiweze kuyameza.

Wagonjwa wa namna hii alishawapokea watatu. Hakuna aliyerudi nyumbani.

"Hajakususa, mama. Ni yule mbwa. Hata kwangu hawezi kunywa."

Bi Mashavu akatabasamu, uso ukamnawiri. Kisha akamtazama tabibu vizuri.

Akainama, akaokota kikombe, akakifunika kwa upindo wa kanga mumewe asikione, akabaki amekishika.