Ukuta wa Kliniki

Siwema alikaa mwishoni mwa benchi la kliniki ya wajawazito, kaficha vidole vyake ndani ya kanga. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Wenzake walikuwa wakisimuliana mambo yao bila haya: huyu hataki kusikia harufu ya vitunguu, yule mimba imemkataa mume, na maskini wa Mungu sasa analala sebuleni.

"Na wewe, mdogo wangu?" aliuliza Mwajabu, mwenye tumbo kubwa kuliko wote. "Kichefuchefu tu?"

Siwema alitaka kuitikia. Badala yake machozi yakamlenga.

"Dada, nahisi naingiwa na wazimu. Nakula ukuta wa jikoni. Nimeukwangua mpaka pana shimo, nalificha kwa mtungi. Mama mkwe kaliona, anasema ni panya. Jana kanunua mtego."

Benchi zima likaangua kicheko. Siwema akainuka aende zake, lakini Mwajabu akamdaka mkono.

"Hebu simameni kidogo, jamani."

Wanawake wakasimama. Pale walipokuwa wameegemeza migongo, ukuta wa udongo ulikuwa umekwanguliwa vishimo vishimo, vingine vya miaka, vingine vya asubuhi ile ile.

Siwema akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachagua kishimo kimoja, akaingiza kidole. Kilienea sawasawa.

"Anayefuata!" nesi akaita kutoka mlangoni, na kina mama wote wakafuta midomo.