Majina Kwenye Kompyuta ya Mwisho

Mchi wa Bi Mwanate ulipasua kompyuta ya kwanza. Vigae vya kioo vikaruka hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, vikammalizia mteja ndevu.

"Mama, programu hii ninayoiuza ni ya bure," alisema Shomvi mwenye duka la kompyuta, shavu likivuja damu. "Kila mtu ana ruhusa ya kuigawa."

"Akiyabakisha majina ya walioitunga. Masharti uliyasoma au uliyatafuna? Umemfuta marehemu mwanangu, ukajiandika wewe."

Ya pili ikapasuka, pamoja na mkono wa Shomvi uliojaribu kuikinga.

"Nayarudisha, mama."

Akachapa kwa mkono uliobaki. Majina yakaanza kupanda kwenye kompyuta ya mwisho, mamia kwa mamia. Bi Mwanate akayasoma moja moja akilitafuta la mwanawe, mchi ukiwa hewani.