Sufuria ya Wageni

Kabla ya mechi, mama yake Nshombo alikatiza uwanja wa mpira mjini Buffalo na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la wageni waliotoka Louisville.

"Kuleni, batoto. Mugeni anakulaka wa kwanza."

Kwenye benchi la wenyeji, wachezaji wenzake Nshombo wakaangua kicheko. Kocha wao akawageukia. "Nani anamjua huyu mama?"

Nshombo akainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari. Akazifungua, akaanza upya.

Alipoinua kichwa, mama alikuwa akimtazama.

Akafunika sufuria taratibu, kisha akamwambia kocha kwa Kiingereza chake alichojifunzia kiwandani: "Samahani. Nimekosea uwanja. Mtoto wangu hachezi hapa."